Mtani Upande wa Pili wa Wavu

Mara ya kwanza kufungwa tenisi sita bila, nilirudi nyumbani nikiimba. Baba yangu, aliyekuwa fundi baiskeli karibu na soko la Tabora, aliinua kichwa kutoka kwenye spoki zake akaniuliza nimeshinda nini. Nikamwambia sijashinda kitu, nimepigwa kama ngoma ya harusi, na leo ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu nizaliwe. Akamgeukia mteja wake, akamwambia kwamba jua la mchana ule lilikuwa kali sana.

Ili mtu aielewe furaha ile, kwanza ajue nilivyokuwa nikishinda kabla yake.

Miguu yangu ilichukuliwa na polio nikiwa mdogo mno, hata sikumbuki kuitumia. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana mkubwa, nashona sare za shule kwa cherehani ya mkono, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umekomaa kwa kuzungusha. Kiti changu cha magurudumu kilitoka hospitali ya misheni, chuma kitupu, kizito kama kitanda. Baba alikifungua chote akakiunda upya kwa magurudumu ya baiskeli. Nyuma ya stesheni palikuwa na klabu ya reli, na kwenye klabu kiwanja cha tenisi kilichotandazwa udongo wa kichuguu. Enzi za Wazungu mtu wa kwetu aliingia pale kuokota mipira tu. Baada ya uhuru kikawa chetu sote, na katibu wa klabu, bwana mmoja mpole aliyemwita kila kiumbe ndugu, alinikaribisha kwa mikono miwili.

"Ndugu, michezo ni ya wananchi wote," akasema, akanikabidhi raketi.

Kisha wakaanza kunihurumia. Jamani, huruma ile ilinichefua. Mtu anawapiga wenzake mipira ya kuvunja mbavu, akisimama mbele yangu anageuka muuguzi. Mpira unakuja polepole, unadunda kwa adabu, unanisubiri mapajani. Nikiurudisha anaukosa makusudi, anatikisa kichwa na kusema huo umemshinda. Katibu mwenyewe alinipa seti nzima hivyo, na mimi, mjinga wa kutupwa, nilitamba mtaani mpaka jua likazama. Baba ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, kwamba alisimama kwenye ua akamwona katibu akipiga hewa. Nililia kwa hasira, nikavunja chungu kisichokuwa na kosa. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: nipate mtu wa kunichezea kweli, anifunge akiweza, na siku nikimfunga nijue nimemfunga.

Mtu huyo aliletwa na treni. Alikuwa gadi wa treni ya abiria, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na miguu myepesi, amehamishiwa kwetu kutoka pwani. Aliingia klabuni jioni moja na raketi kwapani akiwasalimia watu "mwangaluka", salamu ya asubuhi, kwa kuwa ndilo neno pekee la Kinyamwezi alilokuwa nalo na aliona uchoyo kuliweka akiba. Nilikuwa pembeni ya kiwanja, raketi mapajani.

"Binti, wewe kabila gani?" akaniuliza.

"Mnyamwezi."

Uso ukamchanua. "Ah, kumbe mtumwa wangu. Mimi Mzaramo."

Hapo watu wote wa Tabora walijua kinachofuata. Babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani walipita kwa Wazaramo, na njia ile ndiyo iliyozaa utani wetu. Watani wanatukanana, wananyang'anyana vitu, wanazikana, na ni mwiko kukasirika.

"Babu yako alilala kwetu na pembe zake za ndovu," akaendelea, "akakoroma, kijiji kizima hakikupata usingizi."

"Na babu yako alikuwa amekaa mlangoni anakuna nazi," nikamjibu, "anangoja wanaume wapite ajue dunia inaendaje."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaingia kiwanjani, akaenda upande wa pili wa wavu, akaanzisha mpira wa kwanza. Ulinipita sikioni ukivuma. Wa pili ulinigonga bega. Wa tatu aliudondosha nyuma tu ya wavu, pale ambapo hata ningekuwa na mbawa nisingefika, halafu akainama kunifanyia heshima. Watu wakaanza kunung'unika, na katibu akamwita pembeni kumuuliza kama hana haya, kumfanyia hivyo mlemavu.

"Mlemavu yuko wapi?" akasema mtani. "Mimi namwona mtani wangu. Mtani ukimhurumia umemtukana ukoo mzima."

Sita bila. Ndiyo siku niliyorudi nikiimba.

Tukawa tunacheza kila treni yake inapolala Tabora. Alikuja mpaka kwa baba, akanywa kahawa ya baba bila kukaribishwa, akakalia kigoda cha baba, na baba akawa hoi kwa kicheko. Kwa matusi yake nilijifunza mchezo. Alikuwa hanifundishi hata kidogo, ananicheka tu pale nilipokosea, nami narudi nyumbani kutafuta jinsi ya kumnyima kicheko.

Alicheka kwamba naweka raketi mapajani kila ninaposukuma gurudumu, kama bibi anayehifadhi upawa. Basi nikajifunza kusukuma huku nimeishika, vidole kwenye mpini, kiganja na mpini pamoja vikikandamiza ringi ya gurudumu. Ngozi ilichubuka, ikaota sugu. Mkono ulipoanza kuteleza kwa jasho nilipaka mpini nta ya nyuki, ile iliyoletwa sokoni kwa baiskeli kutoka Sikonge, na raketi ikaniganda mkononi. Alicheka kwamba nikigeuka haraka kiti kinainua gurudumu moja kama mbwa anayekojoa. Baba akakichukua kiti, akayalaza magurudumu, juu yakaribiane na chini yaachane, na toka hapo nikawa nageuka kama pia.

Alicheka zaidi kwamba nikishapiga nasimama kuutazama mpira wangu. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Kiti kilichosimama ni kizito; kinachotembea ni chepesi hata kwa kidole kimoja. Kwa hiyo ukishapiga usikae. Unageuka kwa nje, unampa adui mgongo kwa kufumba na kufumbua, unazunguka nyuma ya mstari na kutokea upande wa pili tayari unaserereka, na jibu lake linakukuta uko njiani. Nilipoliweza mara ya kwanza nilihisi kizunguzungu cha raha, nikapitiliza hadi kwenye ua wa michongoma, na bado nacheka nikikumbuka.

Tuligombana juu ya midundo tu. Mpira unaruhusiwa kudunda mara moja. Yeye akataka mimi nipewe miwili. Nikamwambia huruma yake aipeleke kwao.

"Huruma gani?" akasema. "Mimi nimekuja hapa na miguu miwili, nani kanihurumia? Wewe chukua midundo miwili, tuwe sawa, halafu nikufunge vizuri."

Nikaichukua. Na hata hapo alinifunga.

Lakini kulikuwa na pigo moja alilolitazama kimya. Mpira ukienda kushoto, wanaosimama huugeuza mkono wakapiga kwa uso wa pili wa raketi. Mimi mkono wangu umetoka kwenye gurudumu sasa hivi, sina nafasi ya kubadili mshiko. Nikajaribu kuinua kiwiko juu na kupiga kwa uso uleule, nikiupangusa mpira kutoka chini kwenda juu, kama unavyopangusa kioo cha kandili. Mpira uliondoka kama unatoka nje ya mji, ukafika juu ya wavu, ukazama ghafla. Miezi mingi ulizama ndani ya wavu. Ulipoanza kuzama miguuni pa mtani, aliacha kusema. Nami nikawa nafungwa sita tatu, kisha sita nne, na kila gemu niliyoipata ilikuwa tamu kama asali ya msitu kwa sababu nilimwona akiitolea jasho.

Zikaja sherehe za Saba Saba. Klabu ikapanga siku ya michezo, mgeni rasmi kutoka wilayani, kipaza sauti, maturubai. Mchezo wa mwisho ukawa wetu. Kabla yake mtani alikuja kibandani kwa baba, akaniambia wazi kwamba katibu amemwomba aniachie, wananchi wafurahi.

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Nikamjibu ndiyo ndugu. Mtu mpole yule, utambishia nini?" Akapuliza kahawa. "Lakini nimewaambia wachuuzi wa kila stesheni, toka Igalula mpaka Goweko, kwamba hajazaliwa Mnyamwezi wa kunifunga. Nikuachie, wanichekee kila treni inaposimama? Kesho nakumaliza."

Nilifurahi, nikaogopa papo hapo. Kwa maana sasa hata nikishinda, ushindi wangu ulikuwa umeshaharibiwa mdomoni mwa katibu. Nani angeuamini? Mimi mwenyewe ningeuamini?

Siku hiyo baba alinifunga kiunoni kwa mpira wa ndani wa baiskeli nisirushwe kitini, akasimama kwenye ua, mahali pake. Mtani alinichezea kama ananidai roho. Alinipiga kulia, akanipiga kushoto, akanidondoshea mpira nyuma ya wavu mbele ya mgeni rasmi bila aibu yoyote, mpaka kina mama waliokuwa chini ya turubai wakamzomea. Nami nilikuwa sisimami. Niliserereka, nikageuka, nikazunguka, nywele zimefunguka, na kicheko kilikuwa kinanitoka katikati ya mchezo kama mlevi. Kila alichokuwa ananitupia nilikitaka. Nikaongoza tano nne, kisha arobaini thelathini.

Nikaanzisha, kiti nimekiweka mshazari kisirudi nyuma kwa kishindo cha mkono. Akaurudisha juu sana kushoto kwangu, mpira wa kunikimbiza hadi mwisho wa kiwanja. Alijua nina mdundo wa pili, akajua nitausubiri huko nyuma, akasogea mbele taratibu kuungojea. Sikuusubiri. Uliponyanyuka kutoka mdundo wa kwanza, usawa wa bega, niliinua kiwiko nikaupangusa. Ukapanda, ukazama kwenye miguu yake. Alijaribu kurudi nyuma, viatu vikateleza kwenye udongo, akaenda chini na kitambi chake chote, na mpira ukampita ukiendelea na safari zake.

Seti moja ndiyo iliyokuwa imepangwa. Kwisha.

Uwanja ulilipuka. Mgeni rasmi akasimama, akachukua kipaza sauti, akasema amefurahishwa mno na moyo wa utu wa ndugu yetu gadi, aliyekubali hata kujiangusha ili dada yetu apate furaha, na huu ndio Ujamaa wenyewe. Katibu akamkonyeza mtani kwa shukrani. Mtani aliinuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakinyakua kipaza sauti.

"Mheshimiwa, sikumwachia. Nimefungwa."

Watu wakacheka.

"Wallahi nimefungwa. Nimeteleza kweli, tazameni goti."

Wakacheka zaidi. Tabora nzima ilijua ni watani. Tangu lini mtani akaapa juu ya mtani wake akaaminiwa? Akaapa kwa mama yake. Mgeni rasmi akajifuta machozi kwa leso. Akaapa kwa kaburi la baba yake, na mzee mmoja akamwambia inatosha bwana, utatuua mbavu. Nilimtazama. Alikuwa amekasirika, na mtani hakasiriki. Hakuwa na tusi hata moja. Nikageuka kwenye ua: baba peke yake ndiye aliyekuwa hacheki, ameshika nguzo kwa mikono yote miwili.

Basi nikajua. Nilimfunga, na sisi watatu tulijua.

Mtani akaja mpaka kwenye kiti changu, akanisogezea kipaza sauti mdomoni. "Waambie," akasema, karibu kunibembeleza. "Wewe watakuamini."

Ni kweli wangeniamini. Neno langu moja lingetosha, na ndilo neno nililokuwa nimelingoja tangu siku ya kile chungu. Lakini nilikuwa nimelewa furaha, na mbele yangu alisimama Mzaramo asiye na jibu, kitu ambacho babu zangu walikwenda pwani na kurudi bila kukiona.

"Ndugu wananchi," nikasema, "mtani wangu ana huruma sana. Ameniachia. Naomba tumpigie makofi."

Wakampigia. Kina mama walitoka chini ya turubai wakaja kumshika mkono mmoja mmoja, wakimwangalia kwa macho ya upole, wakimwambia Mungu amzidishie, na yeye alisimama pale katikati yao akiwa amekunja ngumi, hana pa kwenda.