Wapiganaji Wasiokufa Nilivyowasimulia Kinyume

Juni 1996 nilimzika mke wangu kule Kitandililo. Nilirudi kuuza mitumba sokoni Makambako, lakini maneno yaliniishia, hata majirani wakahofu nitamfuata.

Siku moja nikakuta ndani ya belo la nguo kitabu cha Kijapani cha picha, cha wapiganaji wasiokufa. Maandishi sikuyajua, nikafuata picha. Shujaa alikuwa vipande vipande, akaungana, akainuka, akarudi kwa mkewe. Nikawa nawasimulia akina mama wauza nyanya kila mchana, bingwa wa Kijapani nisiyejua herufi hata moja.

"Sasa baba anaongea!" walifurahi.

Siku nilipofika pale mke anapomkumbatia mumewe, Salehe, dereva wa lori aliyewahi kufanya kazi kwenye meli ya Wajapani, akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Kaka, umeanzia mwisho! Wajapani hufungulia upande huu. Ni kweli hawafi, lakini hapo anamuaga mkewe, ndiyo kwanza anakwenda vitani!"

Soko zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Tumaini, muuza nyanya, akavuta kigoda chake karibu.

"Mume wangu hajui kusimulia hata ndoto," akasema. "Anza upya, baba. Tunasikiliza."

Nikasema asante, nikakigeuza kitabu.