Fu Akiitwa, Mkono Ndio Uitike

Saa moja asubuhi, ufagio wa Fumiyo Hatakeda unaganda hewani. Ukumbini msomaji anajaribu sauti, na katika hekalu la Omi shairi likianza kusomwa, hata jani kavu hungoja zamu yake.

"Ningeitwa Kazuko, nisingeteseka hivi," ananong'ona, akizuia kicheko.

Fumiyo, 61, amefagia uwanja huu wa kokoto miaka kumi na tisa. Mashairi mia moja ya mchezo wa kadi wa Kijapani aliyaokota kwa sikio hapa hapa, chini ya dirisha. Msomaji huanza shairi. Wachezaji wawili waliopiga magoti hugombea kadi yenye mwisho wake. Anayesubiri neno liishe amekwisha yeye. Na shairi linaloanza na "Fu" ni moja tu: ukisikia, piga!

Tatizo ni kwamba tangu utotoni watu humwita Fu.

"Msomaji akisema 'Fu', mimi naitika 'Abee!' Mwenzangu keshabeba kadi," anasimulia. Ndivyo alivyoangushwa katika mashindano sita, na cheti cha daraja la kwanza, lile la kuanzia, kikabaki cha kutazama kwa wenzake.

Basi akalipiga marufuku jina lake. Miezi mitatu sasa mumewe Tetsuo, muuza tambi wa nje ya lango, humwita "Nanihii".

"Wateja walidhani tumegombana," anasema Tetsuo. "Nikawaambia, tungegombana angeitwa jina lake lote!"

Leo cheti kimebakiza mechi moja. Mpinzani ni Wakana, mwanafunzi wa miaka kumi na sita mwenye mkono wa paka mwizi.

"Shangazi, ukiitwa leo utaitika?"

"Nitakuitikia kwa mkono, mwanangu. Kaa vizuri."

Kufika adhuhuri, kila upande umebakiwa na kadi moja; atakayemaliza zake kwanza ndiye mshindi. Ya Fumiyo ni ile ile ya "Fu". Msomaji anavuta pumzi.

"Fu..."

"Abee!"

Sauti inagonga dari. Lakini mkono umeshatangulia. Kadi imeruka hadi kwenye viatu mlangoni.

Ukumbi mzima unaangua kicheko. Wakana anainama mpaka paji la uso linagusa mkeka, mabega yakimtikisika. "Shangazi, umeitika mara mbili!"

Nje, Tetsuo anangoja na bakuli la tambi za pongezi. Marufuku imekwisha. "Fu!" anaita kwa furaha.

Mkono wa kulia unachomoka wenyewe. Bakuli linapaa.

"Januari nalitafuta daraja la pili," anasema Fumiyo, akiokota tambi kwenye kokoto alizozifagia asubuhi. "Ila wewe, baba, endelea na Nanihii."