Vimebaki Vifungo Tu

Wifi yangu hawezi kuimba akiwa amesimama. Mwambie asimame mbele ya watu aimbe, sauti inakwama kooni na macho yanatafuta mlango. Mkalishe kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, na jirani wa nyumba ya tatu atazima redio ili amsikilize. Ni dada wa mume wangu, fundi nguo, na mimi ndiye msaidizi wake: napiga pasi, nakaza vifungo, naandika vipimo kwenye daftari. Tena kwa kuwa simu yangu ndiyo yenye kamera ya maana, mimi pia ni meneja wake wa muziki. Cheo hicho nilijipa mwenyewe.

Kazi tunaifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani iko chini ya dirisha, meza ya kukatia iko katikati, na kwenye kona kuna pazia la mteja kuvulia nguo. Wifi hupima haraka haraka, kisha husogea sikioni kwangu na kuninong'oneza namba, nami naandika. Siku ya kwanza kabisa alinikalisha akaniambia kwamba namba za watu hazitoki humu ndani. Nisimwambie mume, nisimwambie shoga, nisizitaje hata kwa mzaha. Mimi ni mtu wa maneno mengi, nakiri, lakini hilo nililishika.

Sasa, muziki. Kwa miaka miwili tuliweka mtandaoni nyimbo zake tatu, na kila mmoja ulipata wasikilizaji kumi na mmoja, sita kati yao tukiwa sisi wa nyumbani. Shida ni kwamba wifi aliwachukulia wasikilizaji kama wateja. Kila aliyeacha neno chini ya wimbo alijibiwa hivi: "Asante kwa kufika. Ukiona panabana mahali, niambie nirekebishe." Mtu mmoja, hatumjui hata kwa sura, akaandika kwamba kiitikio ni kirefu mno. Wifi akakipunguza. Mwingine akasema ubeti wa pili umepwaya, naye akaubana. Wiki ilipokwisha, wimbo ulikuwa umebaki kaptura.

"Wifi," nikamwambia, "huu ni wimbo, si suruali. Waache wauvae hivyo hivyo."

Akanijibu kwamba hajawahi kumwacha mteja aondoke ananung'unika, na hana mpango wa kuanza leo. Niligombana na yule mwanamke mpaka chai ikapoa, nisipate kitu.

Wimbo wa nne ndio uliokuwa wa mwisho. Alilisema hilo waziwazi, mkasi mkononi: "Huu nao usipofika popote, basi tena. Nitaziimbia nguo zangu, na simu yako ibaki ya kupigia." Nilicheka, lakini iliniuma, maana nilijua hatanii. Wimbo wenyewe ulihusu ule uongo wa mafundi wote, ule wa "gauni tayari, vimebaki vifungo tu", wakati kitambaa bado hakijaonja hata mkasi. Tukaenda kuurekodi studio. Mwenye studio akamsimamisha mbele ya kipaza sauti, na wimbo ukatoka safi kabisa, umenyooka kama kola iliyotiwa wanga. Haukuwa na kosa lolote. Wala haukuwa na wifi ndani yake, lakini hilo sikulisema.

Jumamosi asubuhi, pasi mkono huu, simu mkono ule, nikaupakia. Jumapili sikutazama. Jumatatu nikakuta umesikilizwa mara mia nne, nikadhani simu imeharibika. Jumanne ulikuwa umefika elfu sita, nikapiga kigelegele mpaka wifi akajichoma sindano. Watu walikuwa wanajirekodi wakicheza, na wote walicheza namna moja: wanainua mkono, wanageuka, wanabana pumzi, kisha wanaangua kicheko.

"Hiyo staili wameitoa wapi?" wifi akauliza, kidole mdomoni, uso umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. "Hebu weka tusikilize."

Nikaweka. Kitu cha kwanza kusikika kilikuwa cherehani.

Kumbe kwenye simu yangu kulikuwa na rekodi mbili. Moja ni ile ya studio. Nyingine niliichukua humu chumbani siku ya mazoezi, ili asisahau maneno, na hiyo ndiyo niliyoipakia. Anaimba, cherehani inakwenda, mara inanyamaza, na sauti yake inasikika wazi: "Inua mkono, mama mkunga. Geuka. Usibane pumzi, utanidanganya." Halafu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni na simu, na sikio langu lilikuwa mbali, akapaza sauti: "Kiuno arobaini na mbili, andika." Mteja anaangua kicheko kikubwa, cherehani inaanza tena, na wimbo unaendelea pale pale ulipoachwa.

Mtaani kwetu mkunga ni mmoja tu. Ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote wawili.

Wifi akavua futi ya kupimia shingoni, akaiviringisha taratibu. "Ufute," akasema.

"Wifi, watu elfu sita."

"Nimesema ufute."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia miaka miwili nimehangaika na hii simu, nimebembeleza ndugu na marafiki, na leo mlango umefunguka anataka kuufunga kwa sababu ya namba moja. Nilisema mengi, mengine si ya kurudia. Akaniacha nimalize.

"Yule mama alivua nguo nyuma ya pazia langu," akasema. "Alijua nitanong'ona."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu kosa lilikuwa langu na uchungu alikuwa nao yeye. Akavaa viatu. Tungeenda kwa mkunga sasa hivi, akasema, na wimbo ningeufuta mbele ya macho yake.

Zahanati haiko mbali. Wifi alitembea mbele, na kwa mazoea alikuwa ameirudisha futi shingoni. Kwenye ukumbi tuliwakuta wauguzi wawili, mmoja ameinua mkono anageuka. Alipotuona akajifanya anajikuna. Mkunga mwenyewe alikuwa ananawa mikono kwenye sinki.

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nawasubiri tangu jana. Wauguzi wananiinulia mikono, na mgonjwa mmoja amenisindikiza mpaka getini akiimba."

"Mama, kosa ni langu," wifi akasema. "Mimi ndiye niliyetaja."

"Ni langu," nikadakia. "Mimi ndiye niliyepakia."

"Leo kosa lina wenyewe wawili," mkunga akasema, anajifuta mikono. "Mambo hayo."

Nikatoa simu, kidole tayari juu ya kitufe cha kufuta. Akanizuia. Akamuuliza wifi ni lini alimpima. Wiki sita zilizopita, wifi akajibu. "Basi nipime sasa," akasema, akatuingiza stoo, katikati ya maboksi ya glavu, akafunga mlango.

Wifi akampima. Alimnong'oneza mwenyewe kwanza, kisha akaja sikioni kwangu. Namba hiyo siitaji. Imo daftarini.

Mkunga akaangua kile kicheko chake, kile kile cha kwenye wimbo. "Kwa hiyo dunia nzima inajua nina arobaini na mbili, na nyinyi mmekuja kuniharibia? Ukiufuta huo wimbo, usinisalimie tena." Halafu akanitazama mimi, si wifi. "Na hii ya leo ikisikika mahali, nitajua imetoka mdomo gani."

Nikaapa. Bado nimeshika kiapo.

"Haya, na gauni langu liko wapi?"

Wifi akafungua mdomo. Niliyaona yale maneno ya vifungo yakifika mdomoni, nikamwona akiyameza.

"Halijakatwa, mama," akasema.

Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, sijawahi kumsikia akimwambia mteja hivyo. Mkunga akashika kiuno, akafikiri. "Afadhali," akasema. "Ungelikata lingenibana. Nalitaka Ijumaa."

Tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima. Gauni lilikwisha Alhamisi, vifungo na vyote. Jumamosi, chini ya wimbo, katikati ya mamia ya watu wasiojulikana, nikaona maneno ya mkunga, nikamsomea wifi: "Fundi, gauni limenikaa vizuri. Wimbo nao haubani popote. Usiuguse."

Akaichukua simu akasoma mwenyewe, mara mbili, akiwa amesimama. Akapangusa macho kwa kipande cha bitana. Kisha akaketi, akaweka mguu kwenye kanyagio.

"Wifi, sogeza hiyo simu karibu," akasema. "Lakini kwanza tazama nyuma ya pazia."

Nikafunua pazia, hapakuwa na mtu. Akaanza kukanyaga.