Raydell Kakatwa Tena

Siku ya mwisho ya uteuzi, Jumamosi, uwanja wa nyumba ya Odelia Prejean ulijaa watu mpaka mbwa wake akahamia kwangu. Mimi ni jirani yao, uzio mmoja tu unatutenganisha, na ndiye niliyemsuka mwanawe Raydell tangu ana meno ya utotoni. Kwa hiyo siwezi kujifanya sikuwepo. Nilikuwepo, na nilikula kamba wa mtoni mpaka vidole vikawaka pilipili.

Hapa Belle Anse, kusini mwa Luiziana, tunalima miwa na tunalea vijana wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono. Miwa ndiyo inayokubali zaidi. Raydell alikuwa mlinzi wa pembeni, yaani yule anayepewa adui mwenye mbio kuliko wote na kuambiwa amfuate kila aendako, ili adui huyo asidake mpira. Akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtazama, maana mpira haurushwi upande wake. Akiteleza mara moja, nchi nzima inamwona akimkimbiza mtu ambaye hatamfikia. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda mtoto wetu.

Kila mwaka timu kubwa huchagua vijana kutoka vyuoni na kuwataja kwenye televisheni, mmoja baada ya mwingine. Meya wetu, Bwana Fuselier, alikuwa ameshatangaza kwamba Raydell atatajwa. Hakuambiwa na mtu yeyote, alihisi tu. Kwa hisia hizo akakodi hema, akaita bendi ya shule na matarumbeta yake, na Mchungaji Guillory akaja kuombea simu. Naam, simu. Waliilaza juu ya mto mweupe mezani, mchungaji akainyooshea mikono.

"Bwana, ifungulie njia simu hii!"

"Amina!" tukaitikia, na simu ikalia palepale.

Watu wakapiga yowe. Tarumbeta moja likashindwa kujizuia. Raydell akapokea, akasikiliza, akakata.

"Ni nani, mwanangu?" Odelia akauliza.

"Wanauza bima ya gari, mama."

Majina yakaendelea kutajwa. Wakatajwa warushaji, wakatajwa wanaume wanene wa kusukumana, na mchana ulipozidi kwenda akatajwa mpiga mateke. Hapo Alcide, kaka yake Odelia, akasimama na sahani yake.

"Mpiga mateke! Mtu anaingia, anapiga mpira teke, anarudi kukaa! Wamemwacha Raydell wangu wakachukua huyo?"

"Kaa chini, Alcide, unamwaga mahindi," dada yake akamwambia.

Jina la mwisho lilipotajwa halikuwa la kwetu. Meya akakumbuka kikao. Bendi ikakunja vifaa vyake kimyakimya kama watu wanaotoka msibani. Keki ilikuwa imeandikwa HONGERA RAYDELL kwa krimu ya rangi tano, na Odelia akachukua kisu akaanza kukata kwenye HONGERA, ili wageni waliobaki wale lile neno kwanza.

Tulikuwa tunasugua masufuria simu ilipolia tena. Raydell akazungumza nayo amesimama karibu na uzio wangu. Nilimsikia akisema "ndiyo, bwana" mara nyingi, na mara nyingine kabla hata mwenzake hajamaliza kuuliza.

"Wamekuita?" nikamwuliza.

"Wameniita, shangazi. Si kwa kuteuliwa. Ni kujaribu tu, kama wengine walioachwa."

"Timu gani?"

Akafikiri. "Sikuuliza. Amesema nibebe koti zito."

Kufikia Jumatatu meya alikuwa amerudisha hisia zake. Pale mji unapoanzia pakasimikwa ubao mkubwa wa kijani, rangi ya timu ya kaskazini iliyomwita: BELLE ANSE, NYUMBANI KWA RAYDELL PREJEAN. Alcide naye akajiteua meneja, akachapisha kadi zenye jina lake, akawa anazigawa kwenye foleni ya posta. Simu hakupigiwa na mtu.

Huko kambini kocha alimwita Raydell "Randall" majira yote ya joto, na yeye akaitika. Alitueleza baadaye jinsi wanavyofukuza watu, au kuwakata, kama wasemavyo wenyewe. Hakuna anayekwambia umefukuzwa. Kuna bwana mmoja mpole, mwenye viatu visivyo na sauti, anakuja anakugusa bega: "Kocha anaomba kukuona." Basi. Kwa hiyo mwisho wa kambi, bwana yule akiingia chumba cha chakula, majitu ya kilo mia na hamsini yanazama chini ya meza kama watoto wanaocheza kibemasa. Raydell hakuwahi kujificha. Alisema asingeweza kumalizia mayai yake akiwa chini ya meza.

Akaguswa bega. Kesho yake akaitwa tena na timu ileile, safari hii kwenye kikosi cha mazoezi. Hicho ni kikosi cha watu wanaojifanya adui. Wiki hii wewe ni mlinzi hodari wa timu fulani, wiki ijayo ni mwingine, ili wakubwa wapate wa kumzoea kabla ya mechi ya Jumapili. Raydell amekuwa nyota wa karibu kila timu ya nchi hii, mradi iwe Jumatano.

Akakatwa tena. Akachukuliwa na timu nyingine, ubao ukapakwa rangi ya machungwa. Akakatwa, ukapakwa zambarau. Mpaka rangi alikuwa shemeji yake meya, na sijamwona mtu mwingine aliyefurahia kazi ya Raydell kama yeye. Watu wa mjini walizoea kuulizana habari zake kama wanavyouliza hali ya hewa.

"Raydell je?"

"Kakatwa tena."

"Na mvua?"

Ile siku yake kubwa ilimkuta kwenye timu ya jangwani. Walinzi wao wa pembeni walikuwa wameumia kwa zamu: mmoja paja, mmoja kifundo cha mguu, mmoja akajikata kidole akifungua chaza jikoni kwake. Akabaki Raydell. Na adui aliyepewa alikuwa mdakaji mipira mmoja mrefu, maarufu, mwenye tangazo lake la manukato.

Tulikusanyika saluni kwangu, maana televisheni yangu ndiyo kubwa. Alcide akakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, akavuta kofia ya mashine juu ya kichwa ili, alisema, asikie vizuri. Mara mbili kijana wa manukato alimpita Raydell, na mara mbili wakafunga. Mtangazaji akamwita "Prijini". Odelia alikuwa ameshika taulo langu, analikamua ingawa halikuwa na maji.

"Anamvuta jezi!" Alcide akapiga kelele. "Refa, kipofu we!"

"Raydell ndiye anayemvuta," nikamwambia.

"Basi refa kaona vizuri, anyamaze."

Dakika zikayoyoma. Timu ya Raydell ikawa mbele kwa pointi nne. Adui walikuwa kwenye jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, wakarusha mpira mrefu sana kuelekea kona aliyokuwa Raydell. Kwa wasiofuata mpira wetu: hapo mlinzi anatakiwa aupige ule mpira chini kwa kiganja, imekwisha. Timu yake inakabidhiwa mpira kule ulikoanzia, karibu na katikati ya uwanja, kwenye raha. Akiudaka, timu yake inaanzia pale alipoangukia.

Raydell akaruka juu ya yule mrefu, akaudaka kwa mikono miwili, akaanguka nao hatua chache kutoka lango lake mwenyewe.

Saluni ikapasuka. Alcide akajigonga kichwa kwenye kofia ya kukaushia. Meya akanibusu shavu, jambo ambalo mkewe alilizungumzia baadaye. Nje magari yakapiga honi. Sisi tuliona mtoto wetu na mpira kifuani, hatukuona kingine. Kwenye televisheni kocha alikuwa ameivua kofia yake, anaiuma.

Maana, kwa kubanwa pale golini, timu yake ikawapa adui pointi mbili papo hapo, ikalazimika kuurudisha mpira kwa adui, na mkwaju wa mwisho wa adui, ambao ungewapa ushindi, ukagonga mlingoti. Timu ya Raydell ikashinda kwa chupuchupu. Jumanne bwana wa viatu vya kimya, huko jangwani nako wanaye wao, akamgusa Raydell bega.

Meya akahutubia watu mbele ya kituo cha zimamoto. Akasema ni njama. Hakusema za nani, lakini alielekeza kidole upande wa kaskazini, na watu wakageuka kutazama huko. Raydell aliporudi nyumbani akapandishwa juu ya gari la zimamoto, akazungushwa mji mzima, ambao ni mdogo, kwa hiyo wakauzungusha tena. Mchungaji akauombea ule mpira, ambao mtunza vifaa wa timu alikuwa amemtupia Raydell alipokuwa akifunga begi.

Jioni yake alikuja nimsuke. Nikamwuliza nililokuwa nimelihifadhi.

"Raydell, ulisahau kwamba ni jaribio la nne?"

Akacheka kwa pua. "Shangazi, hata muuza karanga jukwaani alijua ni la nne."

"Sasa?"

Akainamisha kichwa nimalizie mstari wa msuko.

"Tangu niingie huko sijawahi kuushika kwenye mechi. Hata mara moja. Nauona tu ukipita juu ya kichwa changu kwenda kwa mtu mwingine. Siku hiyo ukaja wenyewe. Nifanyeje, niupige kofi?"

Nikamwambia asitikise kichwa.

Baada ya hapo alicheza miaka mingine kadhaa, kama ile ni kucheza. Timu zilimchukua kwa ajili ya kukimbilia mipira inapopigwa mateke: unakimbia uwanja mzima kwa nguvu zako zote ili ugongane na mtu anayekuja kwa nguvu zake zote, kisha unatoka. Akavunjika ubavu, bega likahama mahali pake. Majira ya joto ya mwisho, kambini, akaamka akaona magoti yanamwuma kabla hajayakunja. Akavaa, akaenda mwenyewe ofisini kwa kocha, akabisha hodi.

"Nimekuja kuaga, kocha."

Kocha akamtazama, akatazama kompyuta yake. "Prejean... Si tulikukata jana?"

"Hapana. Yule ni Pridgeon."

"Ah! Basi ingia, kaa. Wewe ilikuwa kesho."

"Ndiyo maana nimekuja leo," Raydell akamwambia, akampa mkono.

Mlangoni akakutana na bwana mpole wa kambi hiyo, amesimama hajui afanye nini. Hakuwahi kuona mtu ametangulia kazi yake.

"Sasa nikuguse bega, au?" bwana akauliza.

"Gusa tu. Lakini hili la kushoto, lile jingine bovu."

Alirudi Belle Anse na gari lake, madirisha wazi, akalala kwa mama yake mpaka mchana kwa wiki nzima. Alcide alimnunia. Alisema kijana ameharibu kazi yake, yaani kazi ya Alcide. Kisha Raydell akapata ajira kwenye kiwanda cha sukari, na Ijumaa jioni akaanza kuchezesha mechi za shule, amevaa fulana ya mistari na filimbi shingoni. Urefa haumfanyi mtu apendwe popote, na kwetu ni kama kuchagua kuwa mgonjwa.

Mechi yake ya kwanza hapa nyumbani nilikwenda. Tulikuwa tunaongoza, dakika za mwisho, na mlinzi wetu wa pembeni, mtoto wa kina Guillory, akamshika mgeni jezi waziwazi mpira ukiwa hewani. Raydell akatupa kitambaa cha njano, alama ya kosa. Wageni wakapewa nafasi, wakafunga, wakashinda.

Jukwaa zima likasimama. Meya, aliyempandisha juu ya gari la zimamoto, akamwita msaliti. Mchungaji akasema neno ambalo sijapata kulisikia kanisani. Na aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, amesimama juu ya benchi na mkufu wake wa Jumapili, alikuwa Odelia.

"Nunua miwani, refa! Mama yako hakukulisha karoti?"

Raydell akageuka, akamtafuta kwa macho kwenye umati mpaka akampata. Nilikuwa karibu na mstari, nikamwona uso. Miaka yote ile televisheni ilipomwonyesha sikuwahi kumwona amefurahi hivyo. Akaweka filimbi mdomoni, akamwonyesha mama yake kidole cha onyo, mechi ikaendelea.