Skana ya Mzee Nakupata Ilipovimba

Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyowatuma wazima moto kazini. Alikaa kwenye chumba kidogo cha kituo cha zimamoto, simu upande wa kushoto, redio upande wa kulia, na kila dereva aliyeita kutoka barabarani alijibiwa neno moja lililokatwa kama kwa mkasi: "Nakupata." Neno hilo likamganda. Akawa Mzee Nakupata kazini, akawa Nakupata mtaani, na hata kwenye harusi ya binti yake mshereheshaji alimtambulisha hivyohivyo, watu wakapiga makofi bila kuuliza wazazi wake walimpa jina gani.

Kustaafu hakukumkaa. Aliendelea kuamka alfajiri, akavaa shati la kola, akaketi sebuleni akiitazama simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mkewe, aliyekuwa akitamani siku zote kuwa na mume anayeshinda nyumbani, aligundua kwamba alikuwa akitamani kitu asichokijua. Nakupata alimfuata jikoni kuuliza kwa nini sufuria ya pili haijatoka wakati ya kwanza iko tayari. Alitaka kila anayetoka nje ya geti aseme anakwenda wapi, anapita njia gani, na akifika aripoti. Mkewe alikwenda sokoni akaripoti kwamba amefika, kisha akazima simu akakaa huko mpaka jioni.

Aliyeleta dawa ya ugonjwa huo, na baadaye akajuta, ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi simu mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Kwenye maboksi ya vifaa vya mtumba fundi aliokota skana: redio ndogo ya mkononi yenye antena fupi ya mpira, ambayo yenyewe haisemi neno, kazi yake ni kusikiliza tu wanayoambiana wengine hewani. Ukiiweka kwenye mawimbi ya teksi utawasikia madereva wakilalamikia abiria. Nakupata hakuiweka kwenye mawimbi ya teksi. Alizungusha kitufe mara moja tu, bila miwani, akatua kwenye mawimbi ya zimamoto kama mtu anayepapasa swichi ya chumbani kwake. Fundi alijaribu kuuliza kama jambo hilo linaruhusiwa. Nakupata akamwambia kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa kuchungulia nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ikapata amani, ya namna yake. Nakupata alijilaza kitandani, skana kwenye mto, akimsikiliza aliyechukua kiti chake. Hakuwahi kumwona. Alichokijua ni sauti: sauti ya kike, laini, isiyo na haraka, na yenye ugonjwa mmoja ambao Nakupata hakuweza kuusamehe. Ilikuwa inasema tafadhali. Gari namba mbili, tafadhali elekeeni eneo la viwanda. Gari namba nne, asanteni sana, poleni na kazi. Nakupata alishika kichwa. Enzi zake gari liliambiwa liende, likaenda. Akambatiza yule mwanamke Bi Tafadhali, na kichwani mwake akamchora kabisa: kasichana kalikomaliza chuo juzi, kucha ndefu, kikombe cha chai pembeni, kioo kwenye droo.

"Hajawauliza upepo," alimwambia mkewe siku moja kwa uchungu. "Hajawauliza upepo unavuma kuelekea wapi."

Mkewe akajibu kwamba upepo unavuma kuelekea kwenye nguo alizoanika, na zingekuwa zimeshaanuliwa kama nyumba hii ingekuwa na mtu wa pili.

Skana isiyozimwa haiondoki kwenye chaji. Ya Nakupata ilishinda na kulala kwenye waya, juu ya godoro, mara nyingi chini ya mto ili kelele zisimsumbue mkewe. Taratibu ikaanza kubadilika. Kwanza ikakataa kusimama. Ukiiweka mezani inayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Kisha kifuniko cha nyuma kikaachia upande mmoja. Nakupata alipokichomoa akakuta betri, iliyokuwa bapa kama kipande cha sabuni kilichokwisha, imetuna katikati kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mkewe aliitazama kwa muda.

"Hiki chako kimeshika mimba," akasema, akaendelea kukunja mashuka.

Akaipeleka kwa shemeji. Fundi aliigusa kwa ncha ya kidole, akairudisha mezani polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto mchanga kwa mama yake. Akaeleza kwamba betri za namna hiyo zikichoka hutengeneza hewa ndani, na hewa ikikosa pa kutokea ndiyo huo uvimbe. Isichajiwe tena, isibanwe, isitobolewe. Itolewe, iwekwe nje kwenye kopo lenye mchanga, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Yeye ataagiza nyingine. Nakupata akauliza itachukua muda gani. Fundi akasema mpaka mzigo ufike, jibu ambalo kwa fundi yeyote lina maana ya kati ya kesho na uzeeni.

"Nakupata," akasema mzee, na kweli alikuwa amemsikia. Kusikia hakukuwahi kuwa tatizo lake.

Alirudi nyumbani na nia safi kabisa. Ila njiani alikumbuka kwamba jana yake Bi Tafadhali alikuwa amelipeleka gari kubwa kwenye uchochoro, na hakusikia liligeuzaje. Akaona aisikilize leo tu. Kifuniko hakikufunga, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Chaji haikugusa vizuri, akabana na vibanio vya nguo. Vibanio vikaruka. Basi akachukua pasi ya mkewe, ile nzito ya zamani, akaiweka juu ili betri inyooke na kurudi katika hali yake, akafunika vyote kwa mto ili taa ya chaji isionekane. Kama mtu yeyote angempigia simu enzi zile na kumweleza mpangilio huo, angemkemea mpaka alie.

Asubuhi iliyofuata Bi Tafadhali alikuwa na kazi ya duka la rangi lililoshika moto, na Nakupata aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho, akitafuta kosa. Hakuliona. Hilo likamkera kuliko kosa lenyewe, akaenda jikoni kujimiminia chai. Alipokuwa akikoroga sukari akasikia harufu tamu yenye ukali, kama ya rangi ya kucha. Akamwambia mkewe kupitia dirishani, kule alikokuwa akianika nguo, kwamba vitu vya kujipamba vipakwe barazani, si chumbani. Mkewe akamjibu kwamba hajawahi kuwa na kucha za kupaka rangi tangu aolewe naye.

Nakupata akaweka kijiko chini. Akatembea mpaka mlango wa chumba. Ndani kulikuwa na mlio kama wa sufuria iliyofunikwa vibaya, halafu pasi ikadondoka sakafuni yenyewe, na chini ya mto kukatoka ulimi wa moto mweupe, mwembamba, wenye haraka.

Aliduwaa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameujua moto kwa sauti tu: sauti za waliokuwa wakiuona, sauti za waliokuwa wakiuendea. Hakuwahi hata mara moja kuwa nao chumba kimoja. Hakujua kwamba una joto la kusukuma mtu kifuani. Mkono wake ukatoa simu mfukoni wenyewe, ukabonyeza namba ya dharura.

"Zimamoto na uokoaji, habari za asubuhi. Nikusaidie nini, tafadhali?"

Ilikuwa ileile sauti. Nakupata alisahau godoro.

"Salamu ya nini?" akasema. "Unaanza na anuani. Kwanza anuani, halafu kinachoungua. Nani amekufundisha kazi?"

"Sawa mzee. Nipe anuani, tafadhali."

Akaitoa kwa fahari, herufi kwa herufi kama alivyozoea kuwadai wengine. Kwa bahati mbaya alitaja mtaa kwa jina lake la zamani, ambalo lilishafutwa kwenye vibao na kwenye ramani zote. Bi Tafadhali akasema mtaa huo haupo. Nakupata akasema upo, na yeye amesimama ndani yake. Bi Tafadhali akaomba alama yoyote ya karibu, naye akamwelekeza mkabala na duka la fundi saa, mtu aliyefariki zamani na duka lake likavunjwa.

"Ni kitu gani kinachoungua, mzee?"

Hapo ndipo sauti ilipompungua. "Kiredio."

"Redio ya aina gani?"

"Redio tu. Ya kawaida."

"Ina betri ya kuchaji?"

"Inayo."

"Ilikuwa imevimba?"

Godoro lilikuwa limeshika sasa, na moshi mweusi ulikuwa ukitambaa kwenye dari kumjia. "Kidogo," akasema.

"Mzee, uko wapi wewe muda huu?"

"Niko hapa mlangoni, nautazama."

"Toka nje. Funga mlango wa chumba, toka, na usirudi kuchukua kitu chochote."

Maneno hayo aliyajua kwa moyo. Ndiyo aliyowaambia akina mama wenye watoto migongoni, na wanaume waliotaka kurudi kuchukua televisheni. Aliyasema mara nyingi sana hivi kwamba yalipomfikia yeye aliyasikia kama mtu anayesikia wimbo wa chama chake ukiimbwa na wapinzani.

"Usinifundishe kazi," akasema, akapiga hatua kuingia ndani. Alikuwa anafikiria skana. Kama angeinyakua upesi, kwa taulo, labda ingepona.

Hakuifikia. Mkono ulimshika kola kwa nyuma ukamrudisha ukumbini kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Mkewe akavuta mlango wa chumba akaufunga, akamnyang'anya simu.

"Dada, nyuma ya shule ya msingi, geti la kijani, nyumba yenye tangi jeusi la maji," akasema. "Tumo wawili tu, na ninamtoa huyu sasa hivi."

Gari lilifika upesi. Vijana wenye makoti mazito walipita na mpira wa maji, dirisha likavunjwa, mvuke ukapanda. Mlango ule uliofungwa ndio uliookoa nyumba: chumba kilikwenda, na godoro, na mapazia, na suti ya kustaafia, lakini sebule haikupata hata harufu kubwa. Mmoja wao akatoka na skana kwenye ndoo ya bati, imeyeyuka, antena imepinda. Ilipowekwa uani ikawaka tena yenyewe kwa hasira, kila mtu akarudi nyuma, wakaimwagia maji mpaka ikanyamaza.

Dereva, mtu mzima aliyewahi kufanya naye kazi, aliiangalia ile ndoo, akamwangalia mzee, akaiangalia tena ndoo.

"Mzee Nakupata," akasema. "Kumbe ulikuwa nasi muda wote huu."

Kabla hajajibu, redio ya gari ikaita. Bi Tafadhali alikuwa akiomba kufahamishwa hali ya yule mzee aliyepiga simu, kwa sababu alionekana amechanganyikiwa kidogo, na ikiwezekana apimwe presha. Vijana wakageukia ukuta. Nakupata alipimwa presha. Ilikuwa juu.

Walilala sebuleni, kwenye godoro la kuazima. Betri mpya iliwasili baada ya siku chache, na shemeji akaja nayo akitabasamu kwa kuwahi. Dada yake alimrudisha kutoka getini bila kumkaribisha chai. Nyumba ilikuwa kimya. Nakupata hakumkosoa mtu yeyote, na mkewe akaanza kuogopa kwamba amepata kiharusi cha moyoni.

Mwishowe alivaa tai akasema anakwenda kituoni kulalamika. Alisema mpokea simu alichelewa kuuliza mpiga simu yuko chumba gani. Mkewe akamwambia aende, mradi akifika aripoti.

Alipofika hakukuta kasichana. Penye kiti chake alikuwapo mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mvi zimeanza pembeni, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Baadaye Nakupata alielezwa kwamba mama huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya dharura kwa nusu ya maisha yake, na kwamba "tafadhali" aliianza huko, kwa watu waliokuwa wakivuja damu, kwa sababu iliwafanya watulie. Lakini muda huo mama huyo alikuwa amesimama, akiwaonyesha wanafunzi wapya kazi, na katika spika ya mezani mzee mmoja mkali aliyerekodiwa alikuwa akisema: salamu ya nini, nani amekufundisha kazi.

Wanafunzi walikuwa wakicheka. Yule mama akamwona mlangoni, akamtambua kwa picha yake ya kustaafu iliyotundikwa ukutani, akazima spika, uso ukambadilika.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Hatukutaja jina, ila nilipaswa kukuomba kwanza."

"Marahaba." Akabaki amesimama na kofia mkononi. Malalamiko yake alikuwa ameyapanga vizuri njia nzima. "Irudishe mwanzo," akasema.

Wakaisikiliza yote. Hakuna aliyecheka mara ya pili. Ilipofika pale pa "kidogo", msichana mmoja akauliza kwa upole kama yule mzee alikuwa amelewa.

"Hakuwa amelewa," akasema Nakupata. "Alikuwa na aibu. Mtu mwenye aibu hakwambii kinachoungua mpaka umwulize mara ya pili. Na huyu alitakiwa kuulizwa mapema yuko chumba gani."

Yule mama akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Hapo nilichelewa." Akawaambia waandike.

Tangu hapo kila wanapokuja wanafunzi wapya, Nakupata huitwa. Huvaa tai, hukaa kiti cha mbele, na rekodi ya simu ikishachezwa huwachambulia yule mpiga simu bila huruma: mbishi, mjuaji, hajui hata jina la mtaa wake. Hamwiti "mimi" hata mara moja. Humwita "yule mzee". Bi Tafadhali humtengenezea chai, naye humwambia asante kwa sauti ya chini, wanafunzi wasisikie.

Akirudi nyumbani mkewe humwuliza yule mzee aliendeleaje leo.

"Bado hataki kutoka chumbani," husema Nakupata, huku akilegeza tai.