Kapita Aliyeita Mara Mbili

Nilipokuwa mtoto sikuitika nikiitwa mara moja, na haukuwa utovu wa adabu. Ndivyo alivyonifundisha Tate, mama mzazi wa mama yangu, aliyenilea katika kijiji chetu cha msituni, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mji wa machimbo wa Mubi.

"Mutu anaitaka mara mbili," aliniambia. "Kile kinaitaka mara moja haiko mutu. Ile njo ugonjwa. Ukiitika, umekwisha kuifungulia mulango."

Alikuwa na sababu zake. Zamani, yeye na mdogo wake wakiwa wasichana, walikuwa wakiloweka mihogo kijitoni. Mdogo wake akasikia jina lake likiitwa ng'ambo, mara moja tu, akaitika. Ng'ambo hakukuwa na mtu. Alirudi nyumbani akitetemeka kwa homa, na siku ya tatu wakamzika. Tate alinisimulia habari hiyo mara nyingi huku akimenya ndizi, na kila alipofika pale mdogo wake anapoitika, kisu chake kilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Sikuwa peke yangu. Kijiji kizima kiliishi hivyo, Wakristo tuliobatizwa sote, na padri akifika tulimwacha aite mara mbili bila kumweleza kwa nini. Mwalimu mmoja kijana aliyetoka Goma alisoma majina ya darasa letu siku yake ya kwanza, na sisi tukamkodolea macho bila hata mmoja kufungua kinywa. Alidhani tumempangia mgomo. Ilibidi mama muuza maandazi amwite pembeni amfafanulie.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yangu alikuwa amekwenda Masisi kununua maharage na fromaji, yaani jibini, za kuwauzia wachimba madini wa Mubi. Safari zikakatazwa, akabaki huko kwenye vilima kwa shangazi. Shule ikafungwa. Tukabaki mimi na Tate katika nyumba yetu ya tatu kutoka uwanja wa kanisa, tukisubiri kuambiwa nini kinaendelea duniani.

Aliyekuwa akituambia ni kapita, yaani mkuu wa kijiji chetu, Papa Kibira. Alikuwa mwanamume mfupi, mwindaji wa zamani, mwenye sauti ndogo isiyofaa kwa kazi ya kutangaza. Wakubwa wa teritware, yaani wilaya yetu, walituma komunike, matangazo yao, kwa madereva wa pikipiki, na pikipiki zilikomea barabarani, kwa hiyo Papa Kibira alitembea mwenyewe kwenda kuzichukua. Alirudi na matope hadi magotini, akasimama uwanjani, akasoma Kifaransa kimoyomoyo, kisha akatuambia kwa maneno yetu. Alipofika mahali pa kukaa mbalimbali hakutaja mita. Alituambia tunyooshe mikono, tukazunguka kama watoto wanaocheza, na yeyote aliyemgusa jirani yake akarudi nyuma.

Watu waliuliza maswali ya kila aina. Mzee Balume, aliyependa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, alitaka kujua kama ni kweli inaua korona.

"Komunike haiseme vile," Papa Kibira alimjibu. "Kama unakunywa, kunywa kwa sababu unapenda. Usisingizie korona."

Tulicheka. Lakini tulikuwa na hofu, na hofu ilikuwa na habari zake yenyewe. Ilisemekana kwamba anayepelekwa kituo cha afya akikohoa harudi, na kwamba huko watu huzikwa na wasiowajua, wakiwa wamefungwa plastiki, bila ndugu kushika hata jeneza. Tate aliisikia habari hiyo. Wiki hiyohiyo akaanza kukohoa.

Aliniambia niseme amekwenda shambani. Nikasema. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne, nilikuwa nikichota maji na kusema uongo njia nzima, huku Tate amelala kwenye mkeka akihema kama aliyepanda mlima. Nilimlowesha kitambaa kwenye paji la uso na kilikauka upesi.

Mchana wa siku ya tano zilifika kijijini pikipiki mbili zilizosukumwa kwenye matope. Alikuja nazo mhudumu wa afya kutoka Mubi, dada mmoja aliyeitwa Espérance, na mizigo: maharage yaliyochangwa na Wakristo wa vilima vya Masisi, sabuni, na ndoo zenye bomba. Alikuwa na orodha ya wazee na wajane. Kwa kuwa ilikatazwa watu kujazana, alikusudia kuwaita mmoja mmoja, na kwa kazi hiyo alipewa megafoni, kipaza sauti cha mkononi. Sisi hatukuwa tumewahi kuiona. Sauti ilipotoka mle, ilisikika kana kwamba haina mwenyewe.

Akaita jina. Kimya. Akaita lingine. Kimya. Nilikuwa nikichungulia penye mwanya wa ukuta, nikaona milango ikifungwa upande huu na upande ule.

"Mwamini!"

Hilo lilikuwa jina la Tate. Liliingia nyumbani likagonga masufuria. Tate alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kweli.

"Nyamaza," alinong'ona. "Umesikia? Mara moja tu. Imekuja."

Niliamini. Nasema leo bila aibu kwamba niliamini kwa mwili wote. Nilikaa nikiwa nimejikunyata kando ya mkeka, nikingoja kile kilichoita kipite.

Huko uwanjani dada Espérance alikuwa amechoka na matope. "Papa Kapita, batu yako iko wapi?" nilimsikia akilalamika. "Nimesukuma pikipiki tangu asubui. Kama hawataki musaada, narudisha. Kuko vijiji ingine vinalia."

"Hawakatae, dada yangu," alijibu Papa Kibira. "Iko ile kitu unashika inawaogopesha. Inaita mara moja, na haina uso. Hapa kwetu ile ni sauti ya kifo."

"Papa, weye ni mutu ya serikali. Unaamini mambo ile?"

"Mama yangu alinifundisha vile," akasema. "Nipe karatasi ya majina. Weka ile chombo chini. Nitawaita miye."

Akaanza kuzunguka. Manyunyu yalikuwa yameanza kushuka. Alisimama kwenye ua wa kila nyumba, mbali kidogo na mlango, akavuta barakoa chini kidogo ili uso wake uonekane, akaita kwa ile sauti yake ndogo. Aliita, akangoja, akaita tena, na mara ya pili aliongeza jina la mama wa huyo anayemwita, jambo ambalo ugonjwa hauwezi kulijua. Mlango wa kwanza ukafunguka. Kisha wa pili. Nikawasikia watu wakiitika mmoja baada ya mwingine, ukumbini kwao, kama wanaoamka.

Akafika kwetu.

"Mwamini." Akangoja. "Mwamini, mutoto ya Kahindo."

Tate alifumba macho. Kwa sheria yake mwenyewe alipaswa kuitika, lakini akatikisa kichwa. Nilielewa kwamba sasa hakuwa akiogopa kile kinachoita bali mahali atakapopelekwa. Nilitazama kupitia mwanya. Papa Kibira alikuwa amechuchumaa kwenye matope ili alingane nami, maana alijua nipo pale.

"Furaha," akaita. Mvua ilimtiririka usoni, hakuipangusa. "Furaha, mutoto ya Neema."

Nikatazama mkeka, nikatazama nje. "Niko, Papa," nikasema, na machozi yakaja hapohapo. "Tate hakuenda shamba. Tate iko mugonjwa. Tangu siku tano."

Tate alifumbua macho akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi tangu siku ile, wengine kwa hasira, lakini mtazamo ule bado ninao.

Papa Kibira hakuingia. Alisogea hadi ukutani, akaongea na Tate kupitia matete, kama watu wanaopiga gumzo la kawaida.

"Mama Mwamini, tukupeleke kituo?"

"Mutanizika na batu sijue."

"Sikuje kukuzika. Nimekuja kukubeba."

"Na nikifa kule?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Mtu yeyote angedanganya, na mimi nilikuwa nikimwombea adanganye. Yeye akasema: "Ukifa kule, miye mwenyewe nitakuja kumwambia huyu mutoto, sitatuma mutu. Na nitasimama kwa kaburi mupaka wanamaliza. Siwezi kukuahidi ya kama hutakufa. Lakini hapa, na pumuzi ile nasikia, hautafika Siku ya Mungu ya wiki hii."

Mvua ikaongezeka juu ya majani ya paa. Tate akageuza uso kuelekea kwangu.

"Unipe kitambaa yangu ya kichwa," akasema. "Ile ya bluu. Siwezi kwenda mbele ya batu kichwa wazi."

Wanaume wanne walimbeba kwenye kipoyi, kiti chetu cha miti ya kubebea wagonjwa, wote wamevaa barakoa alizowashonea fundi wetu kwa vipande vya kitenge. Papa Kibira alitangulia mbele akifyeka njia. Dada Espérance alifuata na pikipiki yake, na megafoni aliifunga ndani ya gunia.

Nilitakiwa kubaki ndani wiki mbili kwa sababu nilimuuguza. Sikulala njaa hata siku moja. Mama Chantal, jirani yetu wa mbele, aliniwekea chakula juu ya jiwe la kusagia, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaniita mara mbili, akasimama kunitazama nikila. Wengine walileta kuni, wakaleta ndizi, mmoja akaleta mtoto wa kuku nimlishe ili nisikae bila rafiki. Mama yangu alipata habari huko Masisi kwa madereva, akatuma mpira mzima wa fromaji, uliopita mikono sijui mingapi hadi ukanifikia bila kukatwa.

Na Papa Kibira aliendelea kutangaza. Sasa alikuwa akitembea hadi kituo cha afya chenyewe na kurudi, mtu wa umri wake. Alipomaliza komunike ya teritware alikunja karatasi akaongeza komunike ya kwetu: "Mwamini, mutoto ya Kahindo, leo amekunywa uji bakuli nusu." Siku nyingine: "Amekaa. Ameuliza kuku yake." Watu walianza kuja uwanjani kwa ajili ya ile sehemu ya mwisho. Hata waliogombana na Tate kwa mambo ya mipaka ya mashamba walishangilia kwa ule uji.

Halafu milango ikaanza kufunguka yenyewe. Nyumba tatu zilizokuwa zikificha wagonjwa wao zilimwita kapita kabla hajawaita. Mmoja wa wagonjwa hao, Mzee Balume wa kasiksi, hakurudi. Papa Kibira alikwenda kuwaambia wanawe yeye mwenyewe, akasimama mbele yao juani akiwa amevua kofia, na siku ya maziko alisimama kaburini hadi udongo wa mwisho. Kijiji kilimwona. Nadhani baada ya hapo hakuna tena aliyesema habari za plastiki.

Tate alirudi mwezi ulipokwisha, amekonda, miguu kama fito, kitambaa cha bluu kichwani. Siku kadhaa hakusema nami ila ya lazima, nami nikajua ni kwa nini, nikawa natembea pembezoni mwa kuta. Kisha mchana mmoja akaniita nikae katikati ya magoti yake anisuke nywele. Alisuka mistari miwili.

"Aliita mara mbili," akasema mwishowe. "Ulifanya vile nilikufundisha."

Sikuthubutu kugeuka. Aliendelea kusuka, na sijawahi kusukwa taratibu vile.

Sasa nina mtoto wangu mwenyewe na ninaishi Masisi. Mwaka jana nilimpeleka kijijini Tate amwone. Papa Kibira alikuwa amestaafu, anafuga nyuki. Nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni miaka yote: siku ile, kwa nini hakuingia tu amtoe mgonjwa? Mvua ilikuwa inamnyeshea na Tate alikuwa akifa.

"Karatasi ya teritware iliniruhusu," akasema. "Nilikuwa nayo mufukoni. Ningevunja ule mulango na ningekuwa na haki." Akaweka kifuniko cha mzinga chini. "Lakini nyuma yenu nilikuwa ningali na nyumba kumi na moja za kuita. Na bote walikuwa wanachungulia."

Akarudi kwenye mizinga yake. Nilibaki nimesimama na mtoto mgongoni, nikiwafikiria wale watu nyuma ya kuta, na kwamba kwa miaka yote hiyo nilidhani Papa Kibira alikuwa akiongea na Tate peke yake.