Kitanda Alichokikataa Mama

Baba yangu ni seremala wa vitanda, na anakoroma. Sisemi kukoroma kwa kawaida. Wapangaji wa chumba cha nyuma walihama wakisingizia shida ya maji, na maji hayajawahi kukatika kwetu. Mimi, binti yake wa pekee, nimesoma mpaka nikamaliza shule nikilala na pamba masikioni, wala sikuona ajabu.

Kuishi na mtu anayedhani kila tatizo lina dawa ya mbao kunahitaji moyo. Alisikia kwamba kichwa kikiinuliwa mkoromo hupungua. Badala ya kuongeza mto kama watu wengine, akakata miguu ya kitanda upande wa chini, na wazazi wangu wakawa wanaamka wamerundikana huko chini kama nguo chafu. Akasikia kwamba anayelala chali hukoroma zaidi. Akachonga kigogo, akakifunga mgongoni kwa mkanda ili asigeuke. Alikoroma kiubavu. Jirani akamletea matone ya puani. Alipiga chafya kutwa nzima, kisha akalala akakoroma vilevile.

Tulicheka sana nyumbani, ila mama alicheka kwa adabu tu. Macho yake yalikuwa mekundu kila asubuhi, na mchana alisinzia akikunja nguo. Baba aliliona hilo. Ndipo akafanya jambo ambalo hadi leo sijalisahau: akimaliza kazi za wateja, alibaki karakana akimtengenezea mama kitanda chake peke yake. Alitumia mbao alizokuwa akizificha hata kwa wateja wake wazuri. Alikipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hukwami popote. Akakileta chumbani kwangu.

"Mke wangu, lala huku na mwanao," alisema. "Upumzike na kelele zangu."

Mama alikishika, akakisifu, akashukuru. Usiku akaenda kulala kwa baba. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Baba akanuna. Alikula bila kuongea, na karakana akawa mkali hata kwa misumari. Nilimwelewa. Mtu umpe kitu ulichokitoa moyoni, akitandike vizuri kisha akiache kitupu!

Kilichotupeleka hospitali ni msumeno wa umeme. Baba alisinzia mchana kweupe, amesimama, anasukuma ubao. Mwenzake wa karakana aliuzima msumeno ukiwa karibu kabisa na vidole vyake. Alirudi nyumbani mapema, akatusimulia huku akivihesabu vidole vyake. Sikutaka mjadala. Niliwaambia wote wawili wavae viatu.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alimtazama baba kooni na kumpima shingo kwa utepe. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, akiwa amelala, huwa anaacha kupumua?"

Mama alimtazama baba kwanza, kisha daktari.

"Anaacha," alisema. "Anakoroma weee, halafu kimya. Kelele nilishazizoea zamani, daktari. Naogopa ule ukimya. Namsukuma mbavuni mpaka avute pumzi, ndiyo na mimi navuta yangu."

"Tangu lini?" Baba aliuliza.

"Tangu huyu akiwa darasa la kwanza."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja hospitali? Si ungetafuta mbao tu?"

Baba akauliza polepole, "Na kile kitanda?"

"Kitanda kizuri, mume wangu. Lakini ningelala kule, huku nani angekusukuma?"

Nilitazama dirishani, maana sikutaka wanione machozi.

Alipewa kifaa cha kupima pumzi, alale nacho nyumbani, na majibu yakaonyesha kwamba koo lake lilikuwa linajifunga usingizini tena na tena. Daktari alimweleza bila haraka. Wapo wanaopona kwa kupunguza mwili na kuacha pombe. Wapo wanaosaidiwa na kulala ubavu, au na kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Wachache hufanyiwa upasuaji. Kwake yeye, apunguze mwili, ndiyo, ila kwanza alale na mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge.

Baba aliigeuza barakoa mikononi kama mtu aliyeletewa samani mbovu.

"Nilale nimevaa hii? Nitaonekana kama mtu wa kuzima moto."

"Vaa," mama alisema. Basi, akavaa.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta jiko baridi. Katika nyumba yetu hilo halijawahi kutokea, kwa hiyo nilikimbilia chumbani kwao. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikanda ya barakoa imemwachia alama mashavuni. Akajiwekea kidole mdomoni, ninyamaze.

Mama alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia, jua limeshamfikia miguuni. Hakusikia mlango wala mimi.

"Nikilala namwacha macho, nikiamka namkuta macho," baba alininong'oneza, na sauti yake haikuwa sawa. "Mwanangu, leo ndiyo mara ya kwanza namwona mama yako amelala."